Maziwa Niliyoyamwaga

Naandika haya binti yangu Salha akiwa na miezi kumi. Anatambaa chini ya cherehani akiokota vipande vya uzi na kuvipeleka mdomoni, nami nasimama kila baada ya dakika mbili kuvichomoa. Kichwa changu leo kimetulia. Nasema leo kwa sababu kipandauso hakipigi hodi na hakiagi, na mimi si mtu wa kujidanganya kwamba kimeondoka moja kwa moja.

Namwandikia mama ambaye hivi sasa ana mtoto mchanga kifuani, upande mmoja wa kichwa unampwita, ameshika kidonge na anaogopa kukimeza. Nilikuwa mimi huyo. Kwa woga ule nilifanya jambo ambalo nusura limwachishe mwanangu ziwa akiwa na miezi minne, na likaivuruga nyumba yangu kwa namna ambayo sikuitarajia. Mambo ya mishipa na ubongo waulize wenye kazi yao. Mimi nitaeleza yaliyonipata.

Kipandauso ninacho tangu usichana wangu. Nilikuwa nimeshakizoea kama mtu anavyomzoea jirani mkorofi. Kwanza pembeni ya jicho la kushoto unakuja mwanga wa kuchezacheza, wenye kingo za msumeno. Kisha ulimi unaingia ganzi, kisha upande wa kushoto wa kichwa unaanza kugonga hadi nywele zenyewe zinauma ukizigusa. Nikipata giza na kutapika mara mbili, kinapita. Nilipopata mimba kilinyamaza miezi mingi, nikadhani mtoto kanitibu, nikawa natamba kwa wenzangu.

Salha alizaliwa mwezi wa kwanza, joto la kaskazi likiwa limepamba. Kwetu mzazi hukaa ndani siku arobaini, na aliyenilea arobaini yangu ni mama mkwe wangu, Bi Mgeni. Ni mzaliwa wa Pemba, aliolewa Tanga akiwa binti mdogo na akabakia huku hata baada ya kufiwa na mumewe. Tunaishi naye nyumba moja hapa Makorora, namwita mama, na nasema bila kinyongo kwamba hakuna mtu aliyewahi kunihudumia vile. Alinikanda kwa maji ya moto, akanifunga tumbo, akanipikia uji wa pilipili manga mpaka nikauchukia. Na kila asubuhi na kila magharibi alinifukiza.

Fukizo lenyewe ni hivi. Chetezo kinawekwa makaa, ubani na udi, mzazi anakaa juu ya kigoda, anafunikwa shuka mpaka kichwani ili moshi usipotee. Harufu ile naipenda tangu nina akili zangu. Lakini siku ya kumi, kabla shuka halijafunuliwa, nikauona ule mwanga wa msumeno pembeni ya jicho.

Nilikuwa nimesahau kinavyouma, au kilirudi na nguvu ya miezi yote kiliyolala. Nililala sakafuni kwa sababu kitanda kilikuwa kinazunguka. Salha alikuwa analia njaa, na kila alipolia maziwa yalikuwa yanatiririka yenyewe yakalowesha kanga, na kila kilio kilikuwa kinanipasua kichwa. Nilimchukia mwanangu kwa muda wa pumzi moja. Naandika hilo kwa sababu najua si mimi peke yangu.

Mume wangu Bakari, ambaye anafanya kazi kwenye tanuri la chokaa kule Pongwe, alirudi mchana ule akanikuta vile. Hakuuliza ruhusa ya mtu. Aliita bajaji akanipeleka zahanati, arobaini au si arobaini. Nesi wa zamu alinipima presha mara mbili, akasema kichwa cha mwanamke aliyejifungua juzi si cha kuchezea, ila presha yangu ilikuwa sawa. Alinipa vidonge vya parasetamoli, na kwa kuwa foleni ilikuwa imefika mlangoni hakuna aliyezungumzia habari ya ziwa, si yeye wala si mimi.

Tulipofika nyumbani Bi Mgeni alivipokea vile vidonge, akavifunga kwenye pindo la kanga yake. Kisha akanikalisha akanisimulia jambo ambalo hata Bakari hakuwa analijua. Mtoto wake wa kwanza, ambaye alikwenda kumzalia kwao Pemba, alikufa akiwa na siku chache. Yeye alikuwa na homa, akapewa dawa akameza, akaendelea kunyonyesha, na siku ya tatu mtoto akafa.

"Dawa yapita kwenye ziwa, mwanangu," alisema. "Mie nalijua kwa kuzika. Usinifanyie mara ya pili."

Nilimwahidi sitameza. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Kwa hiyo tukaenda bila dawa. Nilifungwa kitambaa kichwani, nikapakwa mafuta ya mkaratusi, nikanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwa zafarani. Na fukizo likaongezwa, kwa sababu mama mkwe alishaona kwamba kichwa kinaniuma nikiwa karibu na chetezo, na kwa wengi wetu mtu anayeukimbia udi anajulikana ana nini. Nikigeuza uso, moshi ulizidishwa ili huyo aliyemo ndani yangu asikie vizuri. Nikilalamika moshi unaniumiza, nathibitisha nina shetani. Nikinyamaza, natapika. Nilichagua kutapika.

Arobaini iliisha, masika ikaanza, nikarudi kwenye cherehani kwa sababu wateja walikuwa wananisubiri. Vichwa vikaja mara mbili kwa wiki, halafu tatu. Usingizi sikuwa napata, kula nilikuwa nakula mtoto anaponiruhusu. Siku moja mwanga ulinijia nikiwa nashona, sikuona kidole changu kiko wapi, na sindano ikakipita. Nilikaa nikiitazama damu kwenye satini ya watu, Salha analia kwenye mkeka, nikajiambia yatosha.

Mama mkwe alikuwa ametoka. Asubuhi nyingi huwa kwenye baraza la jirani na wenzake wakishona kofia. Nilijifunga mtandio, nikambeba mtoto, nikaenda duka la dawa la mtaa wa pili. Binti aliyekuwa pale aliniuzia vidonge vilevile vya parasetamoli. Nilimwambia nanyonyesha. Akafikiri kidogo, akasema basi ukimeza, kamua umwage siku nzima mpaka kesho yake asubuhi, ndipo umnyonyeshe. Alisema kwa sauti ya mtu anayejua, nami nilimshukuru. Niliona nimepata njia ya kupumua bila kumvunjia Bi Mgeni ahadi yake yote: dawa nimemeza, ndiyo, lakini kwa mtoto haijafika.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kumwaga. Nilikuwa nakamua bafuni nimeegemea ukuta, kwenye bakuli la plastiki, kichwa kikigonga, kisha namwaga na kusukumia makopo mawili matatu ya maji ili kusibaki alama. Mtoto nilimpa maziwa ya ng'ombe niliyoyachemsha na kuyazimua kwa maji na sukari. Mama mkwe nilimwambia maziwa yangu hayamshibishi. Hakuona ajabu, alisema wanawake wa siku hizi ndivyo mlivyo, akaniletea maziwa ya ng'ombe mazuri zaidi.

Sasa fuatana nami kwenye hesabu ambayo sikuipiga wakati ule. Kichwa mara tatu kwa wiki, na kila kichwa siku moja na zaidi ya kumwaga. Karibu nusu ya wiki mwanangu hakuwa ananyonya. Ziwa nalo haliwi na subira. Ziwa la kushoto lilianza kulegea, kisha la kulia. Nilikuwa nakamua dakika nyingi kwa vijiko viwili. Badala ya kushtuka nilifurahi kwamba kazi ya kumwaga imepungua. Nilikuwa nahesabu vidonge, sikuwa nahesabu maziwa.

Salha alianza kuharisha. Mapaja yake yaliyokuwa na mikunjo yakawa laini, ngozi ikabaki imezidi. Kliniki ya mwezi wake wa tatu mstari wa uzito kwenye kadi ulilala. Mwezi wa nne ukashuka kutoka kwenye rangi ya kijani ukaingia kijivu. Nesi wa siku ile alinigombeza kwa haraka, akaandika jambo, akaita mwingine.

Bi Mgeni alimtazama mjukuu wake akiogeshwa siku mbili mfululizo. Siku ya tatu, tukiwa watatu sebuleni, alisema.

"Mtoto huyu kabemendwa."

Kwa msomaji asiye wa pwani nieleze. Watu husema mtoto kabemendwa pale wazazi wake wanapokutana kimwili kabla ya wakati wake, au mmoja wao anapotoka nje ya ndoa kisha akaja kumshika mtoto. Inasemwa maziwa yanaharibika na mtoto anadhoofu, anaharisha, anabaki kichwa na macho. Ni aibu kubwa, kwa sababu kila anayemwona mtoto anajua, au anadhani anajua, mliyoyafanya chumbani.

Mimi na Bakari hatukuwa tumekaribiana tangu mimba ikiwa na miezi saba. Hilo nililijua kwa yakini. Na hapa ndipo akili yangu iliponiangusha. Sikusema mama, hapana, hakuna kitu kama hicho. Nimezaliwa na kukulia humo humo, neno lile lilinikaa kabla sijalipima. Nilisema moyoni: kama si mimi, basi ni yeye.

Mara moja vitu vikaanza kujipanga. Kwa nini siku hizi anarudi kazini ameshaoga, nywele mbichi, ananukia sabuni isiyo yetu? Zamani alikuwa anarudi mweupe kwa chokaa kutoka kope hadi viatu. Kwa nini zamu zake zinachelewa? Mwanamke mwenye kichwa kinachouma ana muda mwingi wa kulala gizani akifikiri, nami nilifikiri mpaka nikamjengea Bakari mwanamke, nikampa na chumba kule Pongwe.

Bi Mgeni alimtaka mwanawe aape kwa Msahafu. Bakari alimtazama mama yake, kisha akanitazama mimi. Alikuwa anangoja niseme neno. Niliangalia mkeka.

"Siapi," alisema. "Si kwamba naogopa. Siapi kwa sababu mmeshahukumu."

Alichukua begi lake la kazini akaondoka kwenda kukaa na wenzake Pongwe. Mama mkwe akasema umeona, angekuwa msafi angeapa. Nami nikalia nikiamini nalia kwa kusalitiwa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Bi Mgeni alisema maziwa yameshaharibika, kila tone analonyonya linazidi kumdhuru, mtoto aachishwe. Alitafuta shubiri ya kunipaka kwenye chuchu ili mtoto aione chungu aikatae, akataka na dawa ya kumwogeshea. Siku ikawekwa, Ijumaa. Sikuwa na nguvu ya kubisha, na sehemu yangu nyingine ilikuwa inaona afadhali. Mtoto akiachishwa nitameza ninavyotaka. Naomba Mungu anisamehe wazo lile.

Alhamisi yake ilikuwa siku ya kurudi kliniki. Nilikwenda kwa mazoea tu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, ukumbi wa kusubiria umejaa, viatu vya tope, watoto wanalia kwa zamu, mwanga wa jua la baada ya mvua unarudi kutoka kwenye ukuta mweupe. Nikiwa nafasi ya kumi na kitu kwenye benchi, msumeno ukaanza kwenye jicho la kushoto. Nilijua sitafika mwisho wa foleni nimekaa wima.

Mama aliyekuwa pembeni yangu, kutoka Nguvumali, alinitazama mara moja akamchukua Salha bila kuniuliza. Alinipa mfuko wa plastiki wa kutapikia, akavua mtandio wake wa juu akanifunika nao kichwa chote ili nipate giza. Kisha akawaambia walio mbele yetu huyu apite. Sikuuliza jina lake. Kila nikipita kule natazama nyuso nikimtafuta.

Ndani nilimkuta nesi mtu mzima ambaye sikuwahi kumwona, mama mnene wa Muheza aliyeitwa Perpetua. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akazima taa ya chumba kabla hajasema neno jingine. Alimpima Salha, akaitazama kadi, hakunigombeza. Aliuliza tu, moja baada ya jingine. Anakojoa mara ngapi? Anakunywa nini? Maziwa ya ng'ombe yanachanganywa na maji kiasi gani?

"Jana amenyonya mara ngapi?"

"Jana hakunyonya. Jana nilikuwa na kichwa."

"Kichwa na ziwa wapi na wapi?"

Nilikuwa nimechoka mno kutunga uongo. Nilimweleza yote, ahadi, duka la dawa, bakuli la bafuni. Alinitaka nimwonyeshe dawa. Nilizitoa kwenye mkoba, akazigeuza akasoma, akaziweka juu ya kadi ya Salha.

"Umemeza hizi tu? Mbili mbili?"

"Hizi tu."

"Mwanangu, hizi ningekupa mimi mwenyewe, na mtoto ningekuachia kifuani hapo hapo."

Sikuelewa mara moja. Nilimuuliza, sasa yale maziwa je.

"Yalikuwa mazima," alisema. "Yote."

Nilitapika tena, na safari hii sijui kama ni kichwa.

Aliningoja nimalize, akaninawisha uso, akaendelea. Alinieleza taratibu, nami nayaandika kama alivyoyasema kwa kuwa ndiyo sababu ya kuandika. Parasetamoli mama anayenyonyesha humeza, na ibuprofeni pia, ili mradi kwa kipimo na kama hana vidonda vya tumbo wala matatizo mengine. Lakini si kila kinachoitwa dawa ya kichwa ni kimoja. Aspirini, dawa zenye kodeini, na zile za kipandauso zenye ergotamini, mwenye kunyonyesha asiziguse mpaka daktari aseme. Vidonge vya kutuliza usivimeze zaidi ya siku mbili kwa wiki, maana navyo vikizoeleka vinaleta kichwa vyenyewe. Kichwa kikija ghafla kikali kuliko vyote ulivyowahi kuugua, au na degedege, homa kali, kuvimba, mkono kulegea, macho kutorudi kuona sawasawa, usikae nyumbani kufunga kitambaa, kimbia hospitali. Na kabla hujamtoa mtoto kwenye ziwa kwa ajili ya dawa yoyote, uliza kwanza, na usipomwamini wa kwanza muulize wa pili.

Habari ya kubemenda sikumtajia. Alikuwa ameshaisikia kwa wengine, nadhani, kwa sababu aliponirudishia kadi aliniambia mtoto huyu hana ugonjwa wa ajabu, ana njaa. Akaniandikia karatasi ya kwenda kumwona daktari hospitali kubwa juu ya vile vichwa.

Nilirudi nyumbani nimemfunga Salha kifuani ndani ya nguo, ngozi kwa ngozi. Bi Mgeni alikuwa ameshaiponda shubiri kwa ajili ya kesho, iko kwenye sahani ndogo mezani. Nilibaki nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitasema.

"Mama, mtoto hakubemendwa. Mtoto alikuwa na njaa. Nilikuwa nameza dawa na kumwaga maziwa."

Nilitegemea anifokee. Hakunifokea. Aliuliza tangu lini, nikamwambia tangu masika inaanza. Aliuliza dawa gani, nikamwonyesha. Alivishika vidonge vile kiganjani muda mrefu.

"Na mtoto hakufa," alisema.

"Nilikuwa namwaga, mama. Lakini nesi kasema hata nisingemwaga asingedhurika."

Alikaa juu ya mkeka polepole, magoti yake yakilia. "Basi wangu alikufa kwa nini?"

Nilimwambia sijui, huenda homa ile ile iliyomshika yeye ilimshika na mtoto, huenda kingine. Miaka yote ile alikuwa anaishi akiamini amemuua mwanawe kwa ziwa lake. Nilikaa karibu yake, tukalia sote wawili, yeye kwa lake na mimi kwa langu. Baadaye alijifuta akasema nikamwite mume wangu.

"Ni wewe uliyemtaka aape, mama."

"Na ni wewe uliyenyamaza," alisema, na alikuwa na haki.

Ijumaa ile, siku iliyopangwa kumwachisha Salha, nilikwenda naye Pongwe. Bakari alikuwa bombani nje ya eneo la tanuri anajisugua mikono na shingo. Alipomwona mtoto aliharakisha, akajikausha, akanyoosha mikono. Nilimpa. Kisha nikamwambia yote, kwa mpangilio, bila kujitetea. Alisikiliza akimtazama Salha, si mimi.

"Ulidhani nimetoka nje?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Ningeweza kumsukumia mama yake lile neno. Nilimwambia ukweli. "Ulikuwa unarudi umeoga."

Alinionyesha viganja vyake, vimebabuka kati ya vidole. "Chokaa inachoma," alisema. "Naoga huku ili nikifika nimshike mtoto mara moja."

Hakurudi nami siku ile. Alirudi baada ya siku kumi, Bi Mgeni alipomfuata mwenyewe. Sijui walisemezana nini, na sikuuliza.

Maziwa kuyarudisha ni kazi kuliko kuyamwaga. Nilimweka Salha kwenye ziwa kila baada ya saa mbili, apate asipate, na maziwa ya ng'ombe tuliyapunguza kidogo kidogo chini ya macho ya Nesi Perpetua, bila kuyazimua tena. Wiki ya kwanza alikuwa anasukuma ziwa kwa hasira. Wiki ya pili nikasikia anameza. Ni sauti ndogo ya kooni, nami niliacha cherehani nikaisikiliza.

Kisha kichwa kikaja. Nilimeza vidonge viwili mbele ya Bi Mgeni, nikamweka mtoto kifuani, nikamtoa, nikamrudisha. Nilijua nilichoambiwa, lakini mwili ulikuwa bado haujaambiwa. Mama mkwe alisogeza kigoda akakaa karibu, jicho kwenye kifua cha Salha, akiangalia pumzi zinavyopanda na kushuka. Alinyonya, akalala, akaamka, akadai tena. Bi Mgeni alikaa pale mpaka adhuhuri, na alipoinuka alikwenda kuswali rakaa nyingi kuliko kawaida.

Daktari aliniandikia kidonge kidogo cha kila jioni cha kuzuia vichwa visije, baada ya kuniuliza kama nina pumu, na akanitaka nimwangalie mtoto asije akawa analala kupita kiasi. Upepo wa kusi ulipoanza, vichwa vilishuka vikawa viwili kwa mwezi. Bi Mgeni anafukiza chumbani kwake, mlango umefungwa. Baada ya alfajiri ananichukulia mtoto ili nipate usingizi wa saa mbili, na hilo limenisaidia karibu sawa na kidonge. Kula kwa wakati na maji ya kutosha nayo ni dawa, ingawa mwenye mtoto mchanga ukimwambia hivyo anakutazama kana kwamba unamtania.

Wiki iliyopita, mvua za vuli zikiwa zimeanza, tulitoka kliniki. Mstari umepanda, uko katikati ya kijani. Siku hizi Bakari huichukua kadi mwenyewe, huisoma amesimama, huirudisha bila maneno. Anakula kwangu, anacheza na mtoto, ananiuliza kichwa kinaendeleaje. Lakini kuna mlango mmoja kati yetu ambao hajaufungua tangu arudi, nami nausikia umefungwa kila tunapokaa wawili. Nilimuuliza moja kwa moja kama ameshanisamehe.

Alifikiri, kwa sababu ni mtu asiyependa kusema uongo.

"Mtoto kapona," alisema. "Mimi bado."

Nilimwambia nitasubiri, na ndivyo ninavyofanya.